Boti mbili na watoto: Dunga leo, Mbita kesho

Ukipeleka watoto Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kuona viboko kwa boti, kisha kesho yake mvuke kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, usidhani mambo ya chombo kimoja ndiyo ya kingine. Anza na jaketi la kuokolea maisha. Mvalishe mtoto kabla hamjapatana bei, funga mikanda yote, halafu livute juu mabegani. Likimpanda hadi masikioni, hilo ni la mtu mzima, omba jingine. Wangu wa miaka minne alijaribishwa matatu pale ufuoni, mwenye boti akinung'unika. Anung'unike tu. Dunga nendeni asubuhi, maana mchana upepo huchafua ziwa. Feri nayo hubeba magari, kwa hivyo wahini foleni.