Somo: Namna ya kuisoma shahada ya kwanza ya sosholojia, kuanzia maombi hadi utafiti wa mwaka wa tatu

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wahitimu wa kidato cha sita wanaotarajia kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii na mahusiano ya watu, katika vyuo vikuu vya Tanzania, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao wameanza kuona kwamba madesa (nukuu za masomo) waliyorithi kwa kaka na dada zao hayatoshi. Shahada hii huchukua miaka mitatu. Ratiba huweka nadharia upande mmoja na mbinu za utafiti upande mwingine, na wanafunzi wengi huzisoma hivyo hivyo, kila moja na daftari lake. Matokeo yake ni kukariri majina ya wanazuoni kwa miaka miwili na kukwama mwaka wa tatu, pale mtu anapotakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Hatua zifuatazo zimepangwa ili mambo hayo mawili yaende pamoja tangu muhula wa kwanza.

Hatua ya 1: Maombi

Sifa ya chini inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ikihesabiwa A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya hapo, hivyo usome mwongozo wa udahili wa mwaka husika, wala usitegemee ule wa mwaka uliopita. Sosholojia inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza na Chuo Kikuu Huria, miongoni mwa vingine. Maombi ya mkopo hufanywa peke yake kwa Bodi ya Mikopo, kwani kupata chuo si kupata mkopo.

Hatua ya 2: Ufahamu mfumo wa alama kabla haujakufahamu

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Daraja A lina thamani ya 5, B+ 4, B 3 na C 2, na thamani hiyo huzidishwa kwa uzito wa kozi. Mwanafunzi aliyepata A katika kozi yenye uzito wa 12 na C katika kozi yenye uzito wa 8 atakuwa na 60 kujumlisha 16, yaani 76, ambayo ikigawanywa kwa 20 hutoa wastani wa 3.8. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Kwa hiyo kozi nzito ndizo za kupewa saa nyingi, hata kama nyepesi zinafurahisha zaidi.

Hatua ya 3: Soma kila nadharia ukiwa na kitu kimoja cha mtaani mkononi

Hapa ndipo shahada yenyewe ilipo. Chagua jambo moja unaloweza kulitembelea kwa miguu, kisha uwaulize wanazuoni wote swali kuhusu jambo hilo hilo. Tuchukue kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, na waanzilishi watatu wa fikra za sosholojia, Mfaransa Émile Durkheim na Wajerumani Karl Marx na Max Weber. Katika kikoba wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana, na fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti.

Durkheim, katika kazi yake ya mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, alitofautisha mshikamano unaotokana na watu kufanana, wakiwa na imani na desturi moja, na ule unaotokana na watu kutegemeana kwa sababu kila mmoja anafanya kazi tofauti. Kikoba kina vyote viwili. Mfuko wa jamii, ambao humpa mwanachama aliyefiwa fedha asizodaiwa, unakaribia mshikamano wa kwanza. Mkopo wa muuza samaki unaotokana na hisa za fundi cherehani unakaribia wa pili. Marx angetaka kujua ni nani mwenye hisa nyingi, kwa kuwa ndiye atakayeondoka na gawio kubwa mwisho wa mwaka, na riba inayolipia gawio hilo imetoka kwenye jasho la nani. Weber angefungua daftari la mahudhurio na katiba ya kikundi, akauliza kama mwenyekiti anatiiwa kwa sababu ya kanuni zilizoandikwa, au kwa sababu ni mama mwenye heshima yake mtaani tangu zamani.

Zile kufuli tatu, je, ni dalili ya kuaminiana au ya kutoaminiana? Ukiweza kulijadili swali hilo kwa kurasa mbili bila kutoka nje ya hoja, mtihani wa nadharia hautakusumbua. Jibu langu, ambalo si lazima mlikubali, ni kwamba kufuli huwawezesha watu wasiojuana vya kutosha kufanya kazi na fedha zao pamoja, na imani huja baadaye.

Hatua ya 4: Insha na kazi za vikundi

Insha huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tumezoea kufikiri kwa Kiswahili. Si vibaya kupanga hoja kwa Kiswahili kwanza, mradi usome Kiingereza cha vitabu kila siku. Kazi ya kikundi isiachiwe mtu mmoja, kwani huyo mmoja ndiye atakayekuwa amejifunza.

Hatua ya 5: Jizoeze kuuliza maswali

Mbinu za utafiti haziingii kwa kusoma tu. Andika hojaji fupi (orodha ya maswali ya utafiti), uipeleke kwa watu watano, kisha uirekebishe. Swali kama hili kwa mama lishe, kwa mfano, limeharibika: "Je, unapata faida kubwa kwenye biashara yako na unamshirikisha mumeo?" Ni maswali mawili katika moja, linachukulia kwamba mama lishe huyo ana mume, na neno "kubwa" halina kipimo, kwa sababu faida kubwa ya Kariakoo si ile ya Kilosa. Lipasue hivi: "Jana, baada ya kutoa gharama za chakula na mkaa, ulibaki na shilingi ngapi?" Kisha: "Fedha hizo zilitumika kwa nini?" Na mwisho: "Nani aliamua zitumike hivyo?" Swali la tatu ndilo linalokupeleka kwenye mamlaka ndani ya kaya bila kumtia mtu aibu.

Hatua ya 6: Utafiti wa mwaka wa tatu

Anza kutafuta mada mwaka wa pili. Utahitaji barua ya utambulisho kutoka chuoni, kisha idhini za mamlaka za mkoa na halmashauri, ndipo ufike kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Mlolongo huo unaweza kula majuma kadhaa, na mwenyekiti asiposhirikishwa milango hufungwa. Programu ya KoboToolbox inakusanya majibu ya hojaji kwa simu bila malipo. Asiye na nauli ya kwenda mbali anaweza kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa, kama za Ofisi ya Taifa ya Takwimu au za Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi barani Afrika, ambazo hupatikana bure mtandaoni.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na hisabati ya kidato cha nne nilipata F. Takwimu hazitaniangusha?

Jibu: Marahaba. Kompyuta ndiyo itakayokokotoa. Kazi yako ni kujua kikokotolewe kitu gani. Ukiambiwa Dar es Salaam ina talaka nyingi kuliko Katavi, ni lazima ukumbuke kwamba Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, hivyo ulinganishe viwango kwa idadi ya wanandoa, si talaka kwa talaka. Mwenye mazoea hayo hujifunza mengine taratibu. Pitia upya asilimia, uwiano na grafu kabla ya kufungua chuo.

Swali: Ajira zipo kweli, au tunasomea mtaani?

Jibu: Zipo, na wanaozigombania ni wengi. Serikalini, nafasi inayowahusu zaidi ni ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri. Katika mashirika, wanaotafutwa ni watu wa ufuatiliaji na tathmini, ambao wanaweza kuandaa hojaji, kusafisha takwimu na kuandika ripoti inayosomeka. Ndiyo maana nimesisitiza hatua ya 5. Anayetaka kuhudumia familia na watoto moja kwa moja aifikirie Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kwa kuwa hiyo ni taaluma tofauti yenye mafunzo yake.

Swali: Mimi ni mtumishi na siwezi kuacha kazi. Chuo Huria kitanifaa?

Jibu: Kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa hali yako, na kina vituo mikoani. Upungufu utakaouhisi ni mabishano ya semina, ambayo kwa somo hili ni nusu ya elimu. Tafuta wenzako wawili au watatu mkoani kwako, mkutane Jumamosi na insha mkononi, kila mmoja asome ya mwenzake.

Swali: Msimamizi amekataa mada yangu, "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania," bila kueleza sababu. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, mada hiyo haifanyiki kwa muda na fedha ulizonazo. Vijana wepi, mtandao upi, na athari ipi kati ya mia? Neno "athari" nalo linakudai uthibitishe kwamba kitu kimoja kimesababisha kingine, jambo ambalo mahojiano ya watu 40 hayawezi kulithibitisha. Jaribu hivi: "Namna madereva wa bodaboda wa kijiwe kimoja wanavyotumia kundi la WhatsApp kuchangiana wakati wa ajali." Sasa una watu wanaofikika, una tendo linaloonekana, na una Durkheim wa kuanza naye. Iandike kwa ukurasa mmoja wenye swali, eneo, watu utakaowahoji na sababu ya kuwachagua, umpelekee msimamizi kabla hujaanza sura ya kwanza.