SOMO: Kubadili setingi zilizofichwa za Firefox 52 kwenye XP na Vista

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na nimechoka kulijibu vipande vipande. Leo naliweka lote mahali pamoja.

Somo linawahusu wenye mashine za Windows XP na Vista, ambako Firefox ya mwisho ni 52 ESR (toleo la Firefox linalopewa viraka kwa muda mrefu zaidi). Zamani kulikuwa na Configuration Mania, programu-jalizi iliyozileta setingi hizi kwenye vitufe vya kubofya, lakini Mozilla waliziondoa za aina hiyo kwenye ghala lao. Sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa na faili moja la maandishi, user.js. Mimi nalipenda zaidi: unaona ulichobadilisha, na unalihamishia mashine nyingine kwa flashi.

1. Funga Firefox kabisa.
2. Bonyeza Windows + R, andika %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles kisha Enter. Ingia kwenye folda inayoishia na .default.
3. Nakili folda hiyo nzima uiweke pembeni.
4. Fungua Notepad, andika:

user_pref("media.autoplay.enabled", false);
user_pref("network.prefetch-next", false);
user_pref("browser.sessionstore.interval", 60000);

Wa kwanza unazuia video kujicheza zenyewe, wa pili unazuia kupakua kurasa ambazo hujazifungua. Hiyo miwili inaokoa bando lako. Wa tatu unafanya tabu zihifadhiwe kila sekunde 60 badala ya 15, nafuu kubwa kwa diski kuukuu.

5. Hifadhi kwa jina user.js ndani ya folda ile. Hapa ndipo watu wanakwama. Notepad hupachika .txt mwishoni na Windows inaificha, kwa hiyo unaona user.js kumbe ni user.js.txt na Firefox hailisomi. Kwenye kuhifadhi chagua All Files. Usitumie Word, inapinda alama za nukuu na mstari unakufa. True, false na namba haziwekewi nukuu. Kila mstari uishe na nukta mkato. Kosa moja linaweza kuangusha mistari yote ya chini yake. Na usiguse prefs.js (faili la folda hiyo hiyo ambamo Firefox yenyewe huhifadhi setingi zako) Firefox ikiwa wazi, maana ikifungwa inaliandika upya na kazi yako inapotea.

6. Washa Firefox, andika about:config kwenye sehemu ya anwani (ni ukurasa wa setingi zote za Firefox), hakiki kama thamani zako zimeingia.

Onyo: 52 haijapata viraka vya usalama tangu 2018. Mambo ya benki fanyia kwenye mashine nyingine.

MASWALI

Mdau: Nimefuata yote, hakuna kilichobadilika. Hii kitu haifanyi kazi.
Mleta mada: Hatua ya 5.
Mdau: Nimefanya mkuu.
Mleta mada: Fungua Folder Options, ondoa tiki ya kuficha extensions, uniandikie jina la faili herufi kwa herufi.
Mdau: user.js.txt
Mleta mada: Haya.

Mdau: Kwenye Chrome naliweka folda gani?
Mleta mada: Chrome hailitumii. Kichwa cha somo kimetaja Firefox.

Mdau: Mkuu, nimefuta mstari wa autoplay lakini video bado hazijichezi. Kwa nini?
Mleta mada: Swali zuri sana hili. Kila ikiwaka, Firefox inasoma user.js na kuihamishia thamani kwenye prefs.js. Ukifuta mstari, thamani iliyokwisha kuhamia inabaki kule. Nenda about:config, bofya kulia kwenye setingi hiyo, chagua Reset. Ndiyo maana pia ukibadilisha kitu about:config wakati user.js bado inakitaja, kesho yake kinarudi kilivyokuwa.

Mdau: Umeme ukikatika, hizo sekunde 60 si nitapoteza tabu?
Mleta mada: Unaweza kupoteza ulizofungua ndani ya dakika hiyo ya mwisho. Kama kwenu umeme unakatika ovyo, weka 30000.

Mdau mwingine: Naongezea: ukiweka permissions.default.image kuwa 2, picha zote zinazimwa. Mimi naitumia kusoma magazeti bando likikaribia kuisha.
Mleta mada: Safi. Ukiweka 3 inazuia zile za tovuti za nje tu, na 1 inarudisha zote.