Dodoma mpaka Kigali kwa basi na mchomoko: panga kwanza saa ya kufika Rusumo

Watu wakitaka kwenda Kigali kwa barabara swali la kwanza huwa nauli. Mi nakwambia anza na saa utakayofika Rusumo, pale mpakani na Rwanda, af urudi nyuma kupanga, maana kutoka Dodoma mpaka pale ni zaidi ya kilomita 800 na ukitua usiku, hata wakikugongea mhuri chap, gari la kwenda mbele unaweza ukalisubiri mpaka kukuche, na hela yote uliyojibana njiani inaishia kwenye gesti ya kushtukiza.

Hati sasa. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi, unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Pasipoti ni 150,000, hati ya dharura 20,000, zote maombi yanaanzia kwenye mtandao wa Uhamiaji, kwa hiyo kama ni safari ya mara moja na bajeti imebana hati inatosha kabisa. Ila usiombe siku moja kabla ya safari. Viza ya Rwanda sisi wa Afrika Mashariki hatulipi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano tembea nayo tu, na kama hujachanja fanya mapema, chanjo inahesabika baada ya siku 10, habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi moja ni ya maisha, ule mtindo wa kurudia kila miaka 10 umeisha.

Njia yenyewe mi naikata vipande viwili. Siku ya kwanza stendi kuu ya Nanenane mpaka Kahama, unapita Manyoni, Singida, Nzega. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kwa hiyo usafiri hausumbui, ila kwa kipande cha kuanzia Nyakanazi kwenda mbele bado napendelea mchana, kule ni mapori, zamani magari yalikuwa yanasindikizwa na polisi, siku hizi kumetulia lakini mchomoko (zile gari ndogo za abiria) ukipasuka tairi saa 7 usiku katikati ya pori we mwenyewe utajiuliza ulikuwa unawahi nini. Basi lala Kahama, alfajiri panda gari la Ngara ushuke Benako (wazee watakwambia habari ya kambi ya wakimbizi ya 1994), hapo unadaka gari dogo la Rusumo. Mchana kweupe uko mpakani.

Tiketi nayo isome, usisomewe. Mwaka fulani nilikata ya "mpaka Kigali" kwa mpiga debe mmoja anaongea vizuri kuliko mchungaji, kufika Kahama saa 4 usiku konda anasema gari mwisho hapa, naangalia tiketi kweli imeandikwa Kahama, kwa mwandiko mbaya lakini imeandikwa! Nikalipa mara mbili. Tangu siku hiyo nakata kipande kwa kipande, tena dirishani, sio mkononi mwa mtu.

Mchomoko una sheria zake. Haina ratiba, inaondoka ikijaa, na kujaa kwao sio kujaa unakokujua wewe, nyuma mtakaa 4 na mtoto juu. Kubaliana nauli kabla begi halijaingia kwenye buti, na uulize kabisa kama hiyo bei ni mpaka geti la mpaka au wanakushusha njia panda. Hela toa ukifika. Pasipoti, simu na hela viwe mwilini, kwenye buti weka nguo tu.

Rusumo ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa 2016 na Magufuli na Kagame, maana yake mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, unagongewa jengo la upande unaoingia. Kwa hiyo ukienda Rwanda unavuka daraja la Kagera kwanza, maporomoko yako hapo hapo yananguruma, usitoe simu kupiga picha bila kuuliza. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, iache Tanzania, yaani kama bado unayo hata baada ya katazo letu la 2019, Rwanda wao walishaipiga marufuku tangu 2008 na begi wanalifungua kweli. Karanga zako za Singida zifunge kwenye karatasi.

Wabadilisha hela watakuzunguka. Badili kidogo tu, nauli na chakula cha siku moja, piga hesabu kwenye simu yako sio kwenye kikokoteo chao, hesabu noti mwenyewe na ukishahesabu usimrudishie "aongeze moja". Nyingine badili Kigali dukani. Na bakiza shilingi za kurudia, hilo watu wanasahau sana.

Ukishavuka, magari yanapita kulia, kwa hiyo angalia upande mwingine kabla hujakanyaga lami, na saa inarudi nyuma lisaa limoja. Nauli kule imepangwa na serikali, usipoteze muda kubembeleza. Kama kilomita 160 hivi mpaka stendi ya Nyabugogo pale Kigali, ila mabasi yao yamefungwa vidhibiti mwendo, mwisho 60, hesabu masaa matatu na zaidi na usimwambie ndugu yako aje kukupokea kwa hesabu za dereva wa Kitanzania. Jingine, angalia kalenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna Umuganda, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 watu wako kwenye kazi za pamoja, magari hayatembei na maduka yamefungwa. Ukiangukia siku hiyo lala Kahama usiku wa pili, kuku wa kienyeji wapo.