Jinsi ya kufanya programu ipige hesabu ya fomula yenye vigeu

Mtu anaandika a + b * (c - 2), programu yako inajua a ni 4, b ni 3 na c ni 7, inatakiwa itoe 19. Wengi wanakimbilia njia ya mkato, yani wanabadilisha kila herufi kwa namba yake alafu wanairushia eval ya Python imalizie. Achana na hiyo. Eval inaendesha chochote inachopewa, kwa hiyo ka maandishi yanatoka kwa mtumiaji ndo ushamkabidhi mashine nzima. Alafu kubadilisha herufi kunaharibu hata jibu: x ikiwa -3, x**2 (yani x kipeo cha 2 kwa Python) inageuka -3**2 na Python inakupa -9 badala ya 9. Na ile x iliyo ndani ya max je?

Fanya hivi. Kwanza katakata maandishi vipande vipande (tokeni): namba, jina la kigeu, alama, mabano. Kipande kikianza na herufi endelea kusoma herufi na tarakimu mpaka ziishe, hivo bei2 inabaki jina moja. Thamani za vigeu ziweke pembeni kwenye kamusi (yani orodha ya kila jina na thamani yake), usiziguse bado.

Pili zipange upya kwa njia aliyoielezea mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra mwaka 1961. Unakuwa na orodha ya matokeo na staki ya alama (staki ni rundo, kinachowekwa mwisho ndo kinatoka kwanza). Namba au kigeu kinaenda moja kwa moja kwenye matokeo. Ukikuta alama, angalia iliyo juu ya staki, ka ina kipaumbele kikubwa au sawa na yako itoe iende kwenye matokeo, rudia mpaka isiwepo ya hivo, ndo uweke ya kwako. Bano la kufungua liweke kwenye staki, la kufunga likifika toa alama zote mpaka ukutane na mwenzake alafu yatupe yote mawili. Mwisho mwaga zilizobaki. Fomula yetu inatoka hivi:

a b c 2 - * +

Wale wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) tuelewane hapa: kwenye programu kugawanya na kuzidisha vina kipaumbele sawa, kujumlisha na kutoa pia sawa, unaenda kushoto kwenda kulia. 10 - 4 + 3 ni 9. Ukiipa + kipaumbele kuliko - utapata 3 na utahangaika kutafuta kosa liko wapi. Kipeo (^) ndo tofauti, chenyewe kinaanzia kulia, kwa hiyo kikikutana na kipeo mwenzake usimtoe.

Tatu ni kukokotoa, na hapa ndo kamusi inaingia. Soma orodha kutoka kushoto, kigeu kitafutie thamani uweke kwenye staki nyingine: 4, 3, 7, 2. Ikija - chukua mbili za juu, na angalia, ya kwanza kutoka ndo ya upande wa kulia, yani 7 - 2 sio 2 - 7. Inabaki 4, 3, 5. Ikija * inakuwa 4, 15. Ikija + ni 19. Kesho a ikibadilika hurudii kukatakata, unapita tu kwenye orodha ileile, ndo maana hii njia ni tamu ukiwa unachora grafu yenye maelfu ya x.

Kinachosumbua watu sana ni alama ya hasi. Ka - imekuja mwanzoni, au baada ya alama nyingine au bano la kufungua, hiyo sio kutoa. Ipe jina lake, mfano neg, ichukue thamani moja tu, na wakati wa kuiweka kwenye staki usitoe kitu chochote. Kipaumbele iwe chini ya kipeo ili -2^2 iwe -4. Excel yenyewe inasema 4, kwa hiyo amua mapema unamfuata nani na uwaambie watumiaji wako.

Makosa nayo yasemwe vizuri: kigeu hakimo kwenye kamusi taja jina lake usikifanye sifuri kimyakimya, bano limekosa mwenzake sema, umegawanya kwa sifuri sema, na ukimaliza staki ina thamani zaidi ya moja ujue mtu kaandika kitu ka 2 x bila alama katikati.