Kumpata mwongoza watalii wako mwenyewe Istanbul

Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Ulaya na Marekani hupita Istanbul wakienda nyumbani. Siku moja au mbili kabla ya kupanda ndege ya pili zinatosha kuuona mji wa kale, mradi mwongozaji awe wa kweli. Kwa hiyo ulizia leseni kabla ya kuulizia bei. Uturuki ina sheria mahsusi ya kazi hiyo, Namba 6326 ya mwaka 2012, na asiye na leseni haruhusiwi kuifanya. Hata kijana wetu anayesoma chuo kule, ukimlipa akutembeze na kukueleza historia, anajiweka katika hatari ya faini.

Leseni yenyewe huitwa kokart. Ni kadi yenye picha, jina, namba na lugha ambazo mwenye nayo ameruhusiwa kuongozea. Mstari wa lugha usomwe kwa makini, kwa sababu mtu anaweza kuzungumza Kiingereza kizuri sana ilhali kokart yake ni ya Kijerumani. Usitegemee kupata wa Kiswahili. Chagua wa Kiingereza, wa Kifaransa kwa waliotoka Kongo au Burundi, au wa Kiarabu kwa jamaa wa Oman. Angalia pia kama leseni ni ya nchi nzima au ya eneo moja tu, hasa ukitaka kuendelea naye hadi Cappadocia, eneo la katikati ya Uturuki.

Mwombe picha ya kokart kwa ujumbe, kisha hakiki jina lake kwa TUREB, chama cha waongozaji cha taifa, au kwa chama cha Istanbul kiitwacho IRO. Siku ya safari, linganisha sura na kadi. Kuna watu hupokea kazi kisha humtuma mwingine, kwa hiyo jina la atakayekuja liandikwe kwenye makubaliano. Wale wanaokuanzishia mazungumzo ya kirafiki pale Sultanahmet, mtaa wa mji wa kale, na kujitolea kukutembeza, washukuru uendelee na safari yako. Mara nyingi matembezi yao huishia duka la mazulia.

Bei kwa kawaida huhesabiwa kwa siku na kwa kundi, si kwa kichwa, kwa hiyo familia ya watu watano hunufaika kuliko msafiri wa peke yake. Serikali hutangaza kiwango cha chini kila mwaka. Anayekupa bei ya kutupa ama hana leseni, ama anategemea kamisheni ya maduka, na kamisheni hiyo utailipa wewe ndani ya bei ya zulia. Andika wazi: hakuna kusimama madukani bila kuombwa. Taja pia saa za kuanza na kumaliza, sarafu ya malipo (lira hushuka thamani haraka, wengi hutaja yuro), na nani analipia tiketi za kuingilia na chakula cha mchana. Toa malipo ya awali kidogo, salio umpe jioni. Gari ni suala jingine: mkitaka usafiri na vyumba katika kifurushi kimoja, hiyo ni kazi ya wakala aliyesajiliwa na TÜRSAB, chama cha mawakala wa usafiri cha Uturuki.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na Soko Kuu Jumapili. Msikiti wa Hagia Sophia, Ijumaa watalii hawaingii mpaka swala ya adhuhuri ipite, yapata saa nane na nusu mchana. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa kiingilio na kupelekwa ghorofa ya juu. Chini ni kwa wanaoswali. Ukitaka kuswali humo, mwambie mwongozaji mapema aipange siku kufuata nyakati za swala.

Unapokuja kwa mapumziko ya saa chache tu, tuma namba ya ndege na jina la uwanja. Uwanja mkuu uko upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, na foleni ya magari jioni inaweza kukukosesha ndege. Jipe saa tatu kamili za kurudi na kukaguliwa.