Namna ya Kuandaa Mabadilishano kati ya Shule ya Polandi na Shule ya Catalonia

Anzeni na siku ya kawaida ya shule kabla ya kugusa sikukuu, kwa kuwa ndiyo wanafunzi wanayoweza kuieleza bila kufungua kitabu. Kila upande uandae ratiba yake: Wapolandi waeleze vipindi vya dakika 45 na alama za 1 hadi 6, ambapo 6 ndiyo ya juu kabisa, nao wenzao wa Catalonia, eneo la kaskazini-mashariki mwa Hispania, waeleze mapumziko marefu ya mchana, ambayo katika shule nyingi za msingi hutenganisha masomo ya asubuhi na ya alasiri.

Mila zifuate kalenda, na zifanywe kwa vitendo. Mwishoni mwa Novemba, katika mkesha wa Mtakatifu Andrea, Wapolandi humimina nta iliyoyeyuka kupitia tundu la ufunguo ndani ya maji baridi, kisha hukiinua kipande kilichoganda mbele ya mwanga na kubashiri kwa kukitazama kivuli chake ukutani. Nta hiyo aimimine mwalimu, si mtoto. Desemba ni zamu ya Tió, gogo lenye uso uliochorwa na blanketi mgongoni, ambalo watoto wa Catalonia hulilisha kwa siku kadhaa, kisha hulipiga kwa fimbo huku wakiimba ili linye zawadi. Sehemu hiyo isifichwe kwa haya, maana ndiyo itakayowachekesha wageni kuliko zote.

Kwa ajili ya Sant Jordi, sikukuu ya Mtakatifu George ambapo watu wa Catalonia hupeana vitabu na mawaridi, tarehe 23 Aprili, tumianeni vitabu na mawaridi ya karatasi, na vifurushi vipelekwe posta mapema mwezi Machi.