Spana Namba Kumi: Jinsi ya Kumkumbuka Askari kwa Wimbo wa Kantri

Kila mwaka, Jumatatu ya mwisho ya Mei ikikaribia, yaani Memorial Day, siku ya kumbukumbu hapa Marekani, simu yangu haitulii. Mimi ni fundi magari hapa Clarksville, Tennessee, mji uliopakana na kambi ya jeshi ya Fort Campbell. Miaka yangu ya jeshi la Marekani niliimalizia karakanani, chini ya magari. Mwanamuziki wa kulipwa sijawahi kuwa, ila gita nalipiga, na hapa mtaani wanajua. Basi hunipigia: "Mwaka huu tunakwenda kaburini kwa kaka, tunataka tumwimbie wimbo wa kantri. Tuanzie wapi?" Nimejibu swali hilo mara nyingi, nimeona bora niliandike jibu lote mahali pamoja.

Tuanze na siku yenyewe, maana hapo ndipo wengi huteleza. Memorial Day si siku ya kila aliyewahi kuvaa gwanda. Walio hai wana siku yao, tarehe 11 Novemba. Hii ya Mei ni ya waliokufa wakiwa jeshini. Ilianza 1868, miaka 3 baada ya Wamarekani kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wakibeba maua kwenda kuyapamba makaburi. Nakumbusha hili kwa sababu nimemwona mtu kwa macho yangu akisimama na gita, akaimba wimbo wa furaha kuhusu askari anayeshuka kwenye ndege na kukimbiliwa na watoto wake. Mstari wa mbele walikaa wazazi ambao wa kwao hakushuka. Sauti yake ilikuwa nzuri sana, na hilo ndilo lililozidi kuniuma.

Kwa hiyo, kabla hujagusa uzi, jiulize huyu mtu aliacha kitu gani.

Nasema kitu, cha kushikika. Kantri ni muziki wa vitu: buti, kiti cha barazani, barabara ya vumbi, kikombe chenye ufa. Sauti ya mwimbaji hukaa mbele, ala hukaa nyuma, na kisa husimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho, hata bibi aliyekaa kiti cha nyuma kabisa asipitwe na neno. Halafu kuna lile gita la chuma linalolazwa, mpigaji akaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Halirukii noti, huteleza kutoka moja hadi nyingine, kama mtu anayezungumza huku amebana kilio. Ukiwa na muziki wa namna hiyo nyuma yako, maneno makubwa hutayahitaji. "Shujaa", "sadaka", "uhuru" yatasemwa na wenye hotuba.

Mfano mzuri ninaoujua ni wimbo I Drive Your Truck, ulioimbwa na Lee Brice. Sajini Jared Monti aliuawa Afghanistan mwaka 2006 akijaribu kumwokoa mwenzake aliyejeruhiwa. Mwaka 2009 alitunukiwa Medal of Honor, medali ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani. Baba yake, Paul Monti, alieleza redioni kwamba analiendesha gari la mwanawe, pikapu, kwa sababu ndani yake bado yumo. Mtunzi mmoja, Connie Harrington, alikuwa akisikiliza. Akaandika aliyoyasikia, akakaa na wenzake wawili, Jessi Alexander na Jimmy Yeary, ukatoka wimbo ambao mwaka 2013 ulishinda tuzo ya wimbo wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri. Angalia walichokichagua. Medali ile, ambayo mtu yeyote angeitanguliza, waliiacha. Wakachukua pikapu. Na jina la Monti halimo ndani, ndiyo maana mama wa Texas au mjane wa Ohio akiusikia anahisi umeandikwa nyumbani kwake.

Sasa, kitu hicho utakipata wapi? Kwa kuuliza, tena kwa kuuliza vizuri. Ukimwambia mama "niambie habari za mwanao" atakupa wasifu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alipandishwa cheo mara ngapi. Hayo yatasomwa na mchungaji. Mimi huuliza maswali mawili tu. La kwanza: kitu gani chake mmeshindwa kukitoa ndani ya nyumba? La pili: alikuwa anawaudhi kwa lipi? Hilo la pili watu hucheka kwanza, halafu hunyamaza, halafu hufunguka. Marehemu asiye na kasoro hakumbukiki, ni sanamu.

Nikupe la kwangu. Karakanani nilikuwa na rafiki ambaye nje ya kambi alikuwa na pikapu ya Toyota, kuukuu, betri yake haikai sawa. Kila siku mbili tatu anakuja: "Niazime spana namba kumi." Fundi yeyote anajua spana namba 10 ndiyo ya nati za betri, na ndiyo ya kwanza kupotea kwenye kila sanduku la vifaa duniani. Ananiambia atairudisha saa kumi. Saa kumi hiyo haikuwahi kufika. Tuligombana kweli kwa ajili ya spana ile, mpaka mkubwa wetu akatuambia atatununulia kila mtu ya kwake. Mwaka 2010 rafiki yangu alikwenda Afghanistan, hakurudi. Miezi michache baadaye mama yake alinipigia kutoka upande wa Kentucky. Amefungua sanduku la vitu vyake, amekuta spana imefungwa utepe mwekundu. Utepe ule ulikuwa alama yangu. Aliniuliza kama naijua.

Niliwahi kujaribu kumtungia wimbo wa bendera na milima na tai anayeruka. Kurasa tatu. Nilipopokea simu ile nilizichana.

Mimi nafikiri kwa Kiswahili hata nikiimba Kiingereza, kwa hiyo ubeti wa kwanza ulitoka hivi:

Spana yangu namba kumi, uliomba kuazima,
Ukaapa saa kumi, utairudisha nzima,
Imerudi kwangu mimi, kwa mkono wake mama,
Saa kumi, saa kumi, wapi, ndugu, umekwama?

Mzoefu wa mashairi ataona mara moja: mizani kumi na sita, vina kati na mwisho, kituo. Kiitikio cha kantri na kituo cha shairi letu ni ndugu. Maneno ni yaleyale, lakini kila yakirudi yanakuta ubeti mwingine umeongeza mzigo, kwa hiyo hayasikiki yaleyale. Ubeti wa kwanza "saa kumi" ni utani. Ubeti wa tatu hacheki mtu. Kwa Kiingereza nililazimika kuifanya dakika kumi, maana saa kumi yetu wao wanaiita nne, na mchezo wote ungeharibika. Ukitunga kwa lugha mbili, kubali kupoteza kimoja ili upate kingine.

Jina la marehemu usiliweke kwenye wimbo. Najua wengi hawakubaliani nami hapa. Lakini jina lina uzito wake lenyewe, halihitaji muziki. Nenda Washington kwenye ukuta wa Vita vya Vietnam, uliofunguliwa 1982: majina zaidi ya 58,000 kwenye jiwe jeusi, hakuna kingine, na watu wazima wanaweka karatasi juu ya jina na kulisugua kwa penseli ili waondoke nalo. Jina lisomwe kwanza, kwa sauti ya kawaida, na mtu wa familia. Kisha anza wimbo.

Upande wa muziki sina mengi. Mapigo matatu, la kwanza zito na mawili mepesi, polepole. Mapigo manne yakikolea huwa gwaride, watu wakaanza kukanyaga miguu. Waliopitia kwaya wataelewa nikisema do iwe G, na nyimbo nyingi za aina hii zinakwenda na G, C na D peke yake. Binamu aliyejifunza gita mwezi uliopita ataweza kufuata. Kama kawaida yako ni kuimba do ikiwa G, siku hiyo shuka mpaka E. Koo la mfiwa hukaza, na noti za juu ulizozifikia jikoni hutazifikia makaburini. Dakika nne zisizidi. Kuna wazee wamesimama juani. Na gita litoe kwenye mfuko lipigwe na hewa ya pale dakika ishirini kabla ya kuzipatanisha nyuzi, kwa sababu jua la mwisho wa Mei hulegeza nyuzi na utajikuta unalia wewe na gita lako, kila mmoja kwa sauti yake.

Kuchagua wimbo uliopo badala ya kutunga hakuna aibu yoyote. Usikilize wote, hadi mwisho, ukiwa umekaa, maneno mbele yako. Kuna nyimbo zinazoanza kama maombolezo na kumalizikia baa. Ukitumia rekodi, ihifadhi ndani ya simu na uzime mtandao. Mwaka mmoja tuliipiga moja kwa moja kutoka intaneti, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu likaingia tangazo la magodoro, kwa sauti ya juu kuliko wimbo. Mama wa marehemu alicheka mpaka akajishika ubavu. Tulibahatika. Mama mwingine asingecheka.

Muhimu zaidi, usiimbe peke yako. Mwimbaji wa kantri Vince Gill alianza kuandika wimbo Go Rest High on That Mountain baada ya mwimbaji mwenzake Keith Whitley kufariki mwaka 1989, akauweka kando, akaumalizia alipofiwa na kaka yake mwaka 1993. Miaka minne. Kwa hiyo na wewe usijilaumu ukiona Mei inafika na ubeti wa pili haujaja. Subiri Mei nyingine. Lakini ninachotaka ukione ni kilichotokea mwaka 2013, kwenye maziko ya mwimbaji mwingine wa kantri, George Jones, kule Nashville. Gill, mtu aliyeuimba wimbo ule mara zisizohesabika, alikatika sauti katikati. Akaendelea kupiga gita. Pembeni yake alikuwepo mwimbaji Patty Loveless, akaubeba. Kama yeye alihitaji mtu wa pembeni, wewe unayemwimbia mdogo wako unahitaji wawili. Mtu huyo ajue beti zote, na mkubaliane ishara. Mimi natazama chini kwenye kiatu changu cha kushoto. Mwenzangu akiona hivyo anaingia.

Wimbo huo wa Gill, kwa njia, hauhusu jeshi. Wanaoniuliza kama haya yanafaa kwa shangazi aliyekufa kwa kansa au baba aliyekuwa dereva wa lori, ndiyo, yanafaa yote, isipokuwa hili linalofuata.

Kwenye sherehe ya kijeshi kuna utaratibu, nao hauvunjwi na gita. Majina yasomwe, wimbo uimbwe, shada liwekwe, halafu bunduki, halafu tarumbeta. Ule muziki wa tarumbeta, Taps, una noti 24 tu na umekuwepo tangu 1862. Baada yake usiimbe, usitangaze chakula, usishukuru wafadhili. Watu waondoke na mlio ule masikioni. Bendera siku hiyo hukaa nusu mlingoti hadi saa 6 mchana, kisha hupandishwa juu kabisa. Saa 9 alasiri kuna dakika moja ya ukimya nchi nzima. Kama mko kaburini familia peke yenu, huo ndio wakati mzuri: nyamazeni dakika hiyo, kisha mwimbe. Ukimya hukusanya watu kuliko neno la "naombeni tusogee".

Na kile kitu kiwepo. Kama wimbo ni wa kofia, kofia iwepo, mtoto aishike. Watoto ambao hawakumjua marehemu huuliza maswali kuhusu kitu, hawaulizi kuhusu jiwe. Mpwa wa rafiki yangu, aliyezaliwa baada ya msiba, aliniuliza kwa nini mjomba hakununua spana yake mwenyewe. Nilimwambia ni swali ambalo nami nilimuuliza mjomba wake miaka miwili mfululizo.

Spana sikuichukua. Nilimwachia mama. Kila Mei naendesha gari kwa muda wa saa mbili hadi kule Kentucky, tunaimba, tunakula, halafu anaitoa kwenye mkoba wake, utepe mwekundu umeshafifia na kuwa kama waridi. Ananipa, tunakwenda bandani ilipo ile Toyota, ambayo yeye huiwasha kila Jumapili bila kuiendesha popote. "Mwanangu, nikazie nati za betri," ananiambia. Nakaza, namrudishia, anaangalia saa yake kuona kama imefika kumi.

Mwaka huu nilikuta nati zimekaza vizuri kabisa. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikazilegeza kidogo, nikazikaza tena.